SHERIA NI MSUMENO: KANUNI ZA USALAMA BARABARANI NA MIPAKA YA WANAOZISIMAMIA

Ufafanuzi kwa watumishi wa umma na wananchi

Watumishi na wananchi wanaovuka bahari kutoka Unguja na Pemba kwenda Dar es Salaam kwa kazi, kwa matibabu, kwa biashara au kuwatembelea jamaa, mara nyingi hurudi na suali moja. Askari wa usalama barabarani aliwasimamisha, akawaandikia faini, nao wakalipa. Lakini hawakujua uwezo wa kuwatoza faini ile umetoka wapi, nani aliyeipanga, na lau wangeikataa nini kingefuata. Wengine wametozwa kwa haki na wakadhani wameonewa. Wengine wameonewa kweli, nao wakanyamaza wakidhani kwamba ndiyo sheria.

Ukurasa huu unakusudia kulijibu suali hilo. Hauna nia ya kumfundisha mtu namna ya kukwepa sheria. Unakusudia kueleza jinsi sheria ya barabarani inavyoshuka kutoka katika chombo kinachoitunga hadi kufika mkononi mwa mtendaji, na kwa nini mtendaji huyo naye anafungwa na masharti yale yale anayoyasimamia. Wazee wetu wamesema sheria ni msumeno: hukata mbele na hukata nyuma. Maneno hayo ndiyo msingi wa maelezo yote yanayofuata.

SHERIA MAMA NA WATOTO WAKE

Inafaa ieleweke kwanza kwamba neno "sheria", kama linavyotumika katika mazungumzo ya kila siku, hukusanya mambo mengi yasiyo na uzito sawa. Ni vyema tuyapange kwa daraja zake.

(a) Sheria. Hii ndiyo sheria mama, inayotungwa na Bunge kwa upande wa Tanzania Bara, na Baraza la Wawakilishi kwa upande wa Zanzibar. Sheria mama hutaja makosa makubwa, huweka mipaka ya adhabu, na humtaja mwenye mamlaka ya kutunga kanuni.

(b) Kanuni. Bunge haliwezi kukaa kila mwezi kupanga rangi ya kibao cha namba, umbo la fomu au kima cha faini ya kosa dogo. Kwa sababu hiyo Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 97, inaliruhusu Bunge kumkabidhi mtu au idara ya Serikali madaraka ya kuweka kanuni zenye nguvu ya kisheria. Kwa kawaida mtu huyo ni Waziri mwenye dhamana. Kanuni hutangazwa katika Gazeti la Serikali na hupewa namba ya tangazo. Kanuni isiyotangazwa kwa utaratibu huo haijakamilika.

(c) Amri na matangazo. Haya ni maelekezo yanayohusu mahali au wakati maalumu, kama vile kufunga barabara kwa matengenezo au kuzuia gari za mizigo zisipite katika njia fulani. Nayo lazima yawe na mzizi katika Sheria au Kanuni.

(d) Nyaraka, miongozo na maagizo ya ndani. Haya huandikwa na mkuu wa idara kwa ajili ya walio chini yake. Maagizo ya kudumu ya Jeshi la Polisi ni ya daraja hili. Yanamfunga mtumishi kwa nidhamu ya kazi yake, lakini peke yake hayawezi kumtia mwananchi hatiani.

Uhusiano wa daraja hizi unafanana na ule wa mama na mtoto. Mtoto hapewi asichokuwa nacho mama yake. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania Bara, ambayo ni Sura ya 1, inaeleza wazi kwamba kanuni ikipingana na sheria iliyoizaa, basi kwa kiasi cha upinzani huo ni batili.

Kutokana na hayo, tamko la kiongozi jukwaani, hata akiwa mkubwa wa cheo, halimpi askari uwezo wa kutoza faini mpaka limeandikwa na mwenye mamlaka, chini ya Sheria inayomruhusu, na kutangazwa inavyopasa. Tamko linaweza kuwa jema na lenye nia njema. Hata hivyo, nia njema haitoshi kuwa hati ya mashitaka.

JESHI LA POLISI MOJA, SHERIA MBILI

Jambo la pili huwachanganya wengi, wakiwamo watumishi wenye elimu. Katika orodha ya mambo ya Muungano iliyomo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya mwaka 1977, Polisi imetajwa. Usafiri wa barabarani haukutajwa. Matokeo yake ni kwamba Jeshi la Polisi ni moja kwa pande zote mbili, lakini sheria ya barabarani ni mbili.

Tanzania Bara inatumia Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, iliyotungwa zama za Rais wa Awamu ya Kwanza, Mwalimu Julius Nyerere, na kufanyiwa marekebisho mara kadhaa tangu hapo. Zanzibar inatumia Sheria ya Usafiri Barabarani Namba 7 ya mwaka 2003, iliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi. Askari aliyehamishwa kutoka Mjini Unguja kwenda Kinondoni hubaki na sare ile ile na cheo kile kile, lakini sheria iliyo mkononi mwake hubadilika anapoteremka bandarini.

Kwa hivyo mtu asichukue utaratibu aliouzoea upande mmoja akadhani ndio unaotumika upande wa pili. Usajili wa chombo, leseni, vibali vya biashara ya abiria na namna ya kulipa faini vina kanuni zake kila upande, na wasimamizi wake si wale wale. Mwenye gari au vespa iliyosajiliwa Zanzibar anayetaka kuivusha aulize kabla hajaipakia, aandikiwe kibali kinachohitajika, na awe nacho safarini. Kuuliza kabla ni rahisi kuliko kujieleza baada ya kusimamishwa.

MSASANI KUWA MFANO

Ili maelezo haya yasibaki hewani, tuichukue Msasani, katika Manispaa ya Kinondoni. Tumeichagua kwa sababu wasomaji wetu wengi wana jamaa huko, na kwa sababu mambo mengi hukutana hapo katika eneo dogo. Ni kijiji cha kale cha wavuvi, ni mtaa wa makazi ya watumishi na viongozi, na hapo ndipo Mwalimu Nyerere alipojenga nyumba yake. Imepakana na Oysterbay na Masaki zenye balozi na mahoteli, na haiko mbali na Morocco, kinapoishia kimoja cha vichipukizi vya njia ya mabasi yaendayo haraka. Katika barabara zake utakuta daladala, bodaboda, bajaji, gari za Serikali, gari za balozi, mikokoteni, watoto wa skuli na wauza samaki, wote wakigombea nafasi moja.

Mgeni akisimama kando ya barabara hapo hudhani kwamba kila anachokiona kinasimamiwa na askari aliyevaa nguo nyeupe. Sivyo. Watendaji ni wengi, na kila mmoja ana mpaka wake:

1. Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi husimamia mwendo, ulevi, ubora wa chombo, leseni ya dereva na nidhamu ya uendeshaji kwa jumla.

2. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, iliyoanzishwa kwa Sheria ya mwaka 2019 na kuchukua kazi za usafiri wa nchi kavu zilizokuwa za SUMATRA, hutoa leseni za biashara ya usafiri, hupanga njia za daladala na huidhinisha nauli.

3. TANROADS hutunza barabara kuu na za mkoa. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, hutunza barabara za wilaya na za mitaa, na husimamia pia ada za maegesho.

4. Mamlaka ya Mapato Tanzania husajili vyombo vya moto na kutoa leseni ya udereva, baada ya polisi kuthibitisha kwamba mwombaji amefaulu majaribio.

5. Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka husimamia huduma hiyo, iliyoanza mwaka 2016, katika njia zilizotengwa kwa mabasi hayo.

6. Mahakama ndiyo pekee yenye uwezo wa kumtia mtu hatiani pale anapokana kosa.

Mgawanyo huu una faida kwa mwananchi. Mkusanyaji wa ada ya maegesho hana uwezo wa kukagua leseni ya udereva. Askari wa usalama barabarani hana uwezo wa kupandisha au kushusha nauli. Ofisa wa LATRA anaweza kumchukulia hatua mwenye daladala aliyekatisha njia, yaani aliyewateremsha abiria kabla ya mwisho wa safari aliyopangiwa, lakini hawezi kumhukumu kifungo. Anapotokea mtendaji akafanya kazi isiyo yake, mwananchi ana haki ya kumuuliza kwa adabu: ni kwa kanuni ipi?

MAISHA HUTANGULIA, KANUNI HUFUATA

Baadhi ya wananchi huona kwamba kanuni hutungwa kwa ajili ya kuwabana wanyonge. Historia ya usafiri wa Dar es Salaam inaonyesha jambo tofauti kidogo. Mara nyingi maisha ya watu ndiyo yaliyotangulia, na kanuni ikaja nyuma kuyapa njia.

Daladala ni mfano wa kwanza. Usafiri wa mjini ulikuwa mikononi mwa shirika la umma la UDA, nalo lilizidiwa na wingi wa abiria. Watu binafsi wakaanza kubeba abiria kwa kificho, huku wakikamatwa. Mwaka 1983 Serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kufanya kazi hiyo kwa leseni. Kilichokuwa kosa jana kikawa huduma leo, kwa sababu ya ruhusa iliyoandikwa.

Mfano wa pili ni bodaboda. Pikipiki na bajaji zilibeba abiria kwa miaka bila ya kutambuliwa na sheria ya leseni za usafirishaji. Baada ya sheria kurekebishwa, zilitungwa kanuni za mwaka 2010 zinazohusu pikipiki na magari ya magurudumu matatu, zikaweka utaratibu wa leseni. Kijana anayeegesha pikipiki yake kituoni Msasani asubuhi anafanya kazi halali kwa sababu ya kanuni hizo. Akiidharau kanuni, anaidharau hati inayomlinda riziki yake.

Mfano wa tatu ni wa karibu zaidi. Kwa muda mrefu mabasi ya mikoani ya Tanzania Bara hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha. Mwaka 2023 Serikali iliondoa zuio hilo, na LATRA ikaanza kutoa ruhusa kwa mabasi kusafiri saa zote. Bunge halikulazimika kutunga Sheria mpya, kwani jambo lililowekwa kwa uwezo wa kiutawala liliweza kuondolewa kwa uwezo wa kiutawala. Hapa tunaona wepesi wa kanuni na maagizo, na tunaona pia kwa nini wepesi huo unahitaji kuchungwa. Kinachoweza kubadilishwa kwa urahisi kinaweza pia kutumiwa vibaya kwa urahisi, kama wananchi hawakijui.

FAINI YA PAPO KWA PAPO

Tufike sasa mahali palipo na malalamiko mengi zaidi. Sheria ya mwaka 1973 inampa askari wa Tanzania Bara uwezo wa kumwandikia mtu hati ya taarifa ya kosa, badala ya kumpeleka mahakamani kwa kila jambo dogo. Kwa kanuni za mwaka 2011, faini ya makosa yanayomalizwa kwa njia hiyo iliwekwa kuwa shilingi 30,000 kwa kosa.

Madhumuni ya utaratibu huu ni mema. Dereva wa daladala aliyesimama mahali pasipo kituo asipoteze siku nzima kortini, na mahakama isijazwe na mashauri madogo. Hata hivyo, utaratibu wenyewe una masharti, na masharti hayo yanamhusu askari kama yanavyomhusu dereva.

Kwanza, hati ya taarifa si hukumu. Ni maelezo kwamba askari anaamini umetenda kosa fulani. Aliyeandikiwa ana hiari: kulikubali kosa na kulipa, au kulikana na shauri kwenda mahakamani. Askari hana ruhusa ya kumnyima mtu hiari hiyo, wala ya kumtisha anayeitumia.

Pili, kosa lazima litajwe. Haitoshi kuandikiwa "kosa la barabarani". Mwendo kasi, kutofunga mkanda, tairi lililokwisha, kila moja ni kosa lake na lina mahali pake katika Sheria. Mwananchi aisome hati kabla hajaondoka, aangalie namba ya chombo, mahali, saa na kosa lenyewe.

Tatu, fedha haipiti mkononi mwa askari. Siku hizi faini hulipwa kwa simu au benki kwa kutumia namba ya malipo ya Serikali, na deni hubaki katika kumbukumbu za chombo mpaka lilipwe. Anayechelewa huongezewa deni. Kwa hivyo asiyekubaliana na faini asiikalie kimya akidhani itasahauliwa. Aipinge mapema kwa njia iliyowekwa.

Hapa inabidi tuseme bila ya kuzunguka. Wapo watu wanaopenda kusema kwamba mkono mtupu haulambwi, nao wakatoa noti ndogo iliyokunjwa ndani ya leseni ili wamalize mambo. Mtu huyo anadhani amejiokoa na shilingi 30,000. Kwa hakika ameuza haki yake ya kusikilizwa na amemfundisha askari kwamba kanuni ina bei. Gari lenye breki mbovu limeruhusiwa kuendelea na safari, na huenda jioni ya siku hiyo likamkuta mtoto wake mwenyewe katika kivuko cha milia. Rushwa ni kosa kwa mtoaji na kwa mpokeaji, Bara na Visiwani. Malalamiko ya aina hiyo hupelekwa TAKUKURU, ambayo kwa upande wa Bara hupokea simu bila malipo kwa namba 113, na kwa Zanzibar hupelekwa Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu wa Uchumi.

KANUNI INAPOMZIDI MAMA YAKE

Jirani zetu wa Kenya wametupa mafunzo mawili yanayofaa kutajwa, kwa kuwa yanaonyesha nguvu ya kanuni na pia ukomo wake.

Funzo la kwanza ni la kanuni zilizojulikana kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, John Michuki. Zilitangazwa kwa Tangazo la Kisheria Namba 161 la mwaka 2003 na kuanza kutumika Februari 2004. Matatu zilitakiwa kuwa na kidhibiti mwendo kisichoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa, mikanda kwa abiria wote, mstari wa manjano ubavuni wenye kuonyesha njia, na sare kwa madereva na makondakta. Wenye gari walizitoa nyingi barabarani, na abiria wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Lakini kanuni zilikuwa zimeandikwa, zilikuwa na tarehe, na kila mtu aliweza kuzisoma. Serikali haikurudi nyuma, na kwa muda sura ya usafiri wa nchi hiyo ilibadilika. Baadaye usimamizi ulipolegea, mengi ya mazoea ya zamani yalirudi. Kanuni haijitekelezi yenyewe.

Funzo la pili ni la mwaka 2017. Kenya ilikuwa na kanuni za mwaka 2011 kuhusu kupima ulevi wa madereva kwa pumzi. Shauri likafika Mahakama ya Rufani. Mahakama haikusema kwamba kumpima dereva ni haramu. Ilisema kwamba kosa lililowekwa ndani ya kanuni halikulingana na kosa lililomo katika Sheria ya Trafiki, ambayo ilimzungumzia dereva asiyeweza kukimudu chombo kwa sababu ya ulevi. Kwa hivyo madereva hawakuweza kushitakiwa kwa kanuni hiyo. Nia ilikuwa njema na vifaa vilikuwapo, na walevi walikuwa barabarani kweli. Lakini mtoto alisema neno ambalo mama hakulisema, na kazi yote ikatetereka.

Kwa upande wa Tanzania Bara, kiwango cha ulevi kimo ndani ya Sheria yenyewe: miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu kwa dereva wa kawaida, na dereva wa gari la biashara haruhusiwi kuwa na kileo hata kidogo. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi nao umewekwa na Sheria. Ndiyo maana dereva wa daladala anayenaswa na tochi Msasani akiwa na kilomita 70 hawezi kusema kwamba askari amejitungia.

Kinyume chake, pale Sheria iliponyamaza, mtendaji hawezi kuijazia maneno. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 kuhusu usalama barabarani ilieleza kwamba sheria ya Tanzania ya kufunga mkanda haikuwahusu abiria wa viti vya nyuma, na kwamba haikuwapo sheria ya viti maalumu vya watoto wadogo garini. Mzazi mwenye busara humfunga mwanawe mkanda hata kama hajalazimishwa. Lakini dawa ya pengo la namna hiyo ni kurekebisha Sheria. Askari akimtoza mtu faini kwa kosa ambalo Bunge halijaliandika, hajaziba pengo lolote, amefungua jingine.

NENO KWA WATUMISHI WA UMMA

Watumishi wa Serikali zote mbili wana wajibu wa ziada, kwa kuwa wao ni watumiaji wa barabara na pia ni sura ya Serikali mbele ya wananchi.

Kibao cha namba cha Serikali si kibali cha kuvunja sheria. Sheria imetoa nafuu kwa vyombo vya dharura, kama vile zimamoto, gari la wagonjwa na polisi, vinapokuwa katika kazi hiyo. Haikutoa nafuu kwa ofisa anayechelewa kikao. Gari la wizara linalopita upande wa kulia wa foleni ya barabara ya Ali Hassan Mwinyi, au linaloingia katika njia ya mabasi yaendayo haraka ili kumuwahisha mkubwa, linawafundisha wote wanaoliona kwamba kanuni ni ya watu wadogo. Kosa la uendeshaji humwangukia dereva. Kwa hivyo mkubwa anayemwamuru dereva wake kukimbia anamtwisha mzigo usio wake, naye hana njia ya kukataa.

Kwa watumishi wanaohusika na kutayarisha kanuni, amri na matangazo, mambo manne yazingatiwe kabla ya waraka kutoka ofisini:

(i) Mamlaka: ni kifungu gani cha Sheria kinachoruhusu jambo hili, na je, anayetia saini ndiye aliyetajwa?

(ii) Kutangazwa: je, limechapishwa katika Gazeti Rasmi, na wananchi wamepewa muda wa kujitayarisha?

(iii) Alama: je, barabara yenyewe inasema kinachotakiwa? Amri ya kutoegesha mahali pasipo na kibao ni mtego.

(iv) Lugha: je, anayetakiwa kuitii anaweza kuisoma? Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria kwa upande wa Tanzania Bara. Haielekei konda wa daladala atakiwe kutii maandishi ambayo hata mwajiri wake anahitaji mkalimani kuyafahamu.

Kwa askari na maofisa walio barabarani, itoshe kusema kwamba kalamu ya kuandikia hati ni amana. Anayeitumia kwa haki hatatakiwa kumwogopa mwananchi anayeuliza kifungu. Atamwonyesha, na mambo yataishia hapo.

MWENENDO UNAOSHAURIWA

Wananchi wanaosafiri au wanaoishi Dar es Salaam na vitongoji vyake, na vilevile hapa Visiwani, wanashauriwa kufuata mwenendo huu wanaposimamishwa:

Simama mahali pa salama unapoamriwa. Msalimie askari na umsikilize. Onyesha leseni na hati za chombo. Uliza kosa kwa utulivu kama halijatajwa. Soma hati unayopewa. Ukiona una kosa, likubali na ulipe kwa njia iliyowekwa, kisha hifadhi risiti. Ukiona huna kosa, sema hivyo bila ya matusi, chukua hati yako, na lipeleke suala kwa mkuu wa kituo au mkuu wa usalama barabarani wa mkoa, au subiri mahakama. Usibishane katikati ya barabara, wala usitoe fedha. Andika siku, saa na mahali, kwa sababu lalamiko lisilo na maelezo humlinda mkosaji. Panapohusika matumizi mabaya ya madaraka, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko kutoka pande zote mbili za Muungano.

Watembea kwa miguu nao wasijitoe katika hesabu. Kivuko cha milia kimewekwa kwa ajili yao, na dereva analazimika kusimama akimkuta mtu ndani yake. Lakini anayekatiza barabara hatua chache kando ya kivuko, akiwa na simu sikioni, ameuacha ulinzi aliowekewa.

Ndugu msomaji, mzee anayevuka kwenda msikitini Msasani alfajiri hamjui Waziri aliyetia saini kanuni, wala hajapata kuliona Gazeti la Serikali. Anachokijua ni kwamba gari linalokuja litasimama au halitasimama. Kanuni zote tulizozieleza zimewekwa ili gari hilo lisimame, na ili anayelisimamia asiweze kununuliwa wala kujifanyia atakavyo. Wananchi wanaombwa kuzisoma, kuzitii, na kuwataka watendaji nao wazitii.